Seva Mbili na Kikombe cha Mgeni

Nasimiyu hakuwahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote. Mwenye nyumba wake kule Lanet alikuwa na desturi ya kupanda ngazi akishika kiuno kila alipokuja kumwongezea kodi, na kushuka akishika kichwa. Muuza viazi alipomwona kwa mbali alianza kupandisha bei mapema, ili baadaye apate pa kushukia. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Katika mji wa Nakuru, mtu asiyejua kupatana huonekana kama mgeni au mlevi.

Alikuja kutoka Bungoma akiwa msichana, akaanza na mitumba nyuma ya stendi ya magari. Akikata kamba ya belo, mikono yake ilikwenda moja kwa moja kwenye kamera, zile nguo za kuchaguliwa, kabla wenzake hawajavua hata sweta. Halafu mwaka mmoja, mwenye kontena aliyewaletea mabelo akaleta kompyuta zilizotupwa na ofisi za Ulaya. Wenzake wakazizunguka kama ng'ombe wanaomzunguka nyoka. Nasimiyu akaona ni mitumba tu: nazo zina kamera na zina matambara, na anayejua kuzichambua atakula. Akajifunza kuzifungua, kuzifuta vumbi, kuhamisha kiungo kutoka hii iliyokufa kwenda ile inayokohoa. Ilipofika mwaka 2008 alikuwa na chumba ghorofani katikati ya mji, kibao mlangoni, na uchovu mkubwa wa kuuza kibodi mojamoja kwa watu wanaotaka kuongezewa panya bure.

Alichokitaka sasa ni kazi ya Mzee Dhirajlal.

Mzee huyo alikuwa akiuza spea za trekta na malori tangu enzi za baba yake. Duka kuu lilikuwa mjini, na matawi matatu: Subukia kwa wakulima, Lanet kwa wajenzi, na Salgaa kwa madereva wa masafa marefu. Matawi yote yalipata habari za bei na stoo kutoka seva moja iliyokaa nyuma ya ofisi ya Mzee. Mwanzoni mwa mwaka ule, barabara zilipofungwa kwa vurugu, seva hiyo ikafa, na fundi wake alikuwa Nairobi asikoweza kutoka. Kwa wiki kadhaa duka liliuza kwa kukisia. Mzee Dhirajlal si mtu wa kusamehe kukisia. Mambo yalipotulia alisema anataka seva mbili, moja ikianguka nyingine ibebe kazi, na anataka fundi ambaye anaweza kufika kwa miguu.

Nasimiyu alifika kwa miguu asubuhi iliyofuata.

Wakaelewana, kwa maana ya kwamba walibishana mpaka chai ikapoa mara mbili. Seva zingekuwa za mtumba, kamera tupu, zilizotoka katika benki iliyobadilisha vyombo. Kazi ingekamilika kabla ya Diwali, kwa sababu siku hiyo familia ya Mzee huweka vitabu vipya vya biashara mbele ya mungu wa mali na kuviombea mwaka mwema, na miaka hii waliombea na kompyuta pia. Mzee hakutaka kuombea kitu kibovu. Siku hiyo ikifika na mashine hazibebani, basi kulikuwa na kampuni ya Nairobi iliyokwisha kuleta bei yake, na bei hiyo ilikuwa kwenye droo. Zikibebana, Nasimiyu angepewa mkataba wa kuzitunza mwaka hadi mwaka. Mzee aliigonga droo kwa kidole kimoja, taratibu, ili asikike vizuri.

Kuunganisha seva mbili si kazi ya kutisha. Programu inayoziunganisha hufanya kazi kama wake wenza wasioaminiana: kila mmoja humchungulia mwenzake saa zote, na akimwona amenyamaza huingia jikoni mwake. Mjini na Lanet walipangiwa mashine ya kwanza, Subukia na Salgaa ya pili. Pa kuumiza kichwa ni kwenye memori ya pamoja. Ndani ya kila mashine hutengwa eneo moja ambalo programu zote hulitumia kwa pamoja, kama uwanja wa soko, na kila tawi hupimiwa meza yake humo kulingana na watu watakaokuwa kazini kwa wakati mmoja. Eneo hilo hupimwa kabla mashine haijawashwa. Ukilipima dogo, siku ya msiba tawi litakuja na mzigo likose pa kuuweka. Ukilipima kubwa mno, umenyang'anya sehemu nyingine za mashine pumzi, na kila kitu kitatambaa. Kwa hiyo ni lazima kukadiria, na makadirio hutoka kwa watu.

Hapo ndipo Nasimiyu alipofanya kama alivyofanya maisha yake yote.

Alimwuliza kila msimamizi watu wangapi watakuwa kwenye mfumo kwa pamoja. Ofisi ya mjini walisema thelathini, bila kupepesa. Alicheka, akaandika kumi na tano. Lanet wakaomba nane, akawapa wanne, wakanuna kwa adabu kisha wakaendelea na kazi, dalili kwamba bei ilikuwa sawa. Kule Subukia, Kinyanjui, mzee wa kofia ya sufi aliyesimamia tawi lile tangu likiwa kibanda cha mabati, alisema kumi. Nasimiyu akataja wanne. Kinyanjui akalalamika kwamba atamvunjia tawi, akataja saba, akashika moyo, na mwishowe wakapeana mkono kwenye tano, wote wawili wakiwa wameridhika sana.

Salgaa, alikopiga simu tu, palikuwa tofauti, lakini Nasimiyu hakuona tofauti. Jerop, msichana wa miraba minne aliyeendesha tawi hilo, alikuwa akihesabu fani belti huku simu ikiwa begani. Aliulizwa, akasema tisa.

Nasimiyu akasema watano.

"Ni tisa," Jerop akasema.

"Dada, sita. Hapo nimejikata mwenyewe."

"Andika unavyotaka, madam. Lakini watakuwa tisa."

Nasimiyu alikata simu akitabasamu kwa heshima. Alilijua pigo lile: muuzaji anakugeuzia mgongo, anakuambia nenda zako, akitumaini utarudi. Msichana amefundishwa vizuri, alijisemea. Akaandika sita.

Jumapili, maduka yakiwa yamefungwa, aliijaribu kazi yake peke yake. Akazima mashine ya pili. Ya kwanza ikapokea matawi yote manne bila hata kupandisha sauti ya feni. Akaiwasha tena, akazima ya kwanza. Mambo yakawa yaleyale. Akanunua mahindi ya kuchoma mawili, akala yote mawili akielekea nyumbani.

Lakini Mzee Dhirajlal hakununua kitu bila kukipiga teke. Alitaka kuona jaribio siku ya kazi, tena siku ya msukosuko, na akachagua Ijumaa, siku ambayo wakulima wa Subukia huja kutafuta vipuri vya pampu na malori hujaa Salgaa kabla ya mwisho wa juma. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mashine mbili kama mtu aliyekuja kutazama sinema. Nasimiyu akazima ile ya pili.

Mjini hawakushtuka. Lanet hawakushtuka. Subukia ilipotea kidogo, ikarudi. Salgaa ikapotea, ikarudi, ikapotea, na haikurudi. Kwenye skrini ukatokea mstari mmoja usio na huruma: memori ya pamoja haitoshi.

Simu ya Mzee ikalia. Aliiweka mezani na kuifungulia sauti.

"Mzee, huku hakuna kitu," sauti ya Jerop ikasema, nyuma yake zikisikika honi za malori. "Madereva wamejaa mpaka nje, wananiimbia. Huyo madam yuko hapo?"

"Yuko."

"Mwambie ni tisa."

Mzee alizima simu. Hakupandisha sauti. Alimwuliza Nasimiyu kazi ya hii mashine nyingine ni nini hasa, na Nasimiyu akajibu kwamba ni spea.

"Spea iko, naona," alisema Mzee. "Lakini spea yako haina upepo, mama."

Akatazama droo. Kisha akasema Diwali ni Jumanne ijayo, na yeye husali jioni.

Mtu mwingine angekwenda kulia. Nasimiyu alikwenda Salgaa, kwa sababu bidhaa ikirudishwa unaitazama ilipochanika. Alifika asubuhi ya Jumamosi. Malori yalikuwa yamepangwa kandokando ya barabara hadi macho yachoke, harufu ya dizeli na nyama ya kukaanga ikipigania hewa. Kabla hajaingia dukani, aliona kitu kilichomsimamisha: ukutani, kwa rangi nyeupe yenye herufi kubwa, bei za kila kitu. Fani belti, bei. Chujio la mafuta, bei. Chini kabisa mtu alikuwa amepaka: HATUPATANI. Akageuka akatazama hoteli ya jirani. Nayo ilikuwa na bei ukutani: chapati, bei, ugali na matumbo, bei, kitanda, bei. Barabara nzima ilikuwa imejiandika bei kama wanafunzi waliovaa majina shuleni.

Ndani alimkuta Jerop. Nyuma ya kaunta kulikuwa na watu, na Nasimiyu akawahesabu huku akijua jibu. Walikuwa tisa. Kila mmoja na skrini yake, maana gari la Uganda halingoji gari la Kongo limalize kuhudumiwa.

"Nilidhani unapandisha," Nasimiyu akasema.

"Nipandishe kwa nini? Ni watu, si sketi."

"Kila mtu hupandisha."

Jerop alimtazama kwa mshangao wa kweli. Akamweleza kwamba mama yake amepika kwenye hoteli ile ya jirani tangu yeye akiwa mtoto, na hapo Salgaa dereva anayesimamisha lori ana dakika za kula na kufunga turubai tu. Ukimwambia bei ya uongo ili akuombe upunguze, atapanda gari na kwenda kununua mbele ya safari. "Huku ukisema tisa, ni tisa," alisema. "Nyinyi watu wa mjini ndio mnaongea mpaka nyanya zinaoza."

Nasimiyu alicheka mpaka akashika kaunta. Miaka yote alikuwa amejivunia kuujua moyo wa muuzaji, na hapa, mwendo mfupi tu kutoka mlangoni pake, kulikuwa na watu waliouza kwa lugha nyingine kabisa. Tena akaona jambo lingine, lililomkata kicheko. Ikiwa Jerop peke yake ndiye aliyesema kweli, na yeye peke yake ndiye aliyepunjwa, basi wale wengine wote aliowakata nusu walikuwa wamesema uongo kiasi gani? Kinyanjui je? Na ile thelathini ya mjini? Alikuwa amejenga soko zima juu ya bei za kwanza. Jumapili, bila watu, lilisimama. Hata siku za kazi lilisimama, kwa sababu kila mashine ilikuwa na nafasi ya matawi ya mwenzake iliyokaa wazi, na Salgaa ilijitandaza humo kama muuza nyanya anayemwaga bidhaa kwenye meza ya jirani aliyekwenda mazishini. Ijumaa mashine ilibaki moja, na kila jirani akawa mezani pake.

Sasa, utapataje hesabu ya kweli kwa mtu aliyezoea kupatana? Ukimwuliza tena, ataongeza tena. Ukimwambia safari hii hukati, ataamini ndiyo mbinu mpya.

Saa nne ikafika. Mama yake Jerop aliingia kutoka hotelini na birika kubwa na trei ya vikombe. Nasimiyu aliitazama trei. Vikombe vilikuwa kumi. Watu wa kaunta tisa, na Jerop mwenyewe hanywi chai wakati wa kazi.

"Cha kumi ni cha nani?" akauliza.

"Cha mgeni," mama yule akasema, akimpa. "Nani hupika chai bila ya mgeni?"

Nasimiyu alikinywa akiwa amesimama. Ilikuwa chai ya Salgaa, nzito ya kumfikisha dereva Malaba. Alipomaliza alikuwa na kipimo chake.

Kutoka hapo alikwenda Subukia, na hakumwuliza Kinyanjui habari za watu hata kidogo. Alikaa, akasalimia, akauliza kahawa imekubali vipi mwaka huu, kisha akauliza, kama mtu mwenye kiu, chai ya saa nne huagizwa vikombe vingapi.

"Vinne," Kinyanjui akasema mara moja. "Na kimoja cha akiba, mtu akija."

"Siyo kumi?"

"Kumi ya nini? Chai nalipa mimi, fundi." Akamtazama vizuri, na kofia yake ya sufi ikapanda juu ya paji la uso. Halafu akaanza kucheka kicheko cha mzee aliyeshikwa shambani kwa jirani. "Wewe ukiulizwa unataka kuku wangapi, na anayeuliza ni mtu anayejulikana Nakuru nzima kwa kukata nusu, utasema ngapi?"

Nasimiyu alikiri kwamba angesema kumi na wawili.

Mjini alimwuliza mama wa chai, si meneja. Vikombe vinane. Lanet, vitatu. Hakuna mahali mtu alipoongeza chai, kwa sababu chai hutoka mfukoni mwa tawi na inayobaki hupoa. Ile nafasi kubwa aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya meneja wa mjini na domo lake ilitosha kumpa Jerop watu wake tisa, na ikabaki. Hakununua hata kipande kimoja cha memori. Alichofanya ni kuhamisha meza tu sokoni. Kisha juu ya kila tawi akaongeza kikombe cha mgeni: nafasi ya mtu mmoja ambaye hajafika bado. Na kila mashine akaipimia kana kwamba itakuwa peke yake duniani, inapika kwa nyumba mbili. Usimamizi wenyewe wa kuchunguliana kati ya mashine nao hula memori yake, kwa kila tawi linalochungwa na kila jicho linalochunga, na huo aliufuata kama mwongozo wa programu ulivyosema, bila kuukata. Hilo la mwisho lilimwuma. Alilazimika kuondoa mkono kwenye kibodi na kuukalia.

Jumanne, ofisi ya Mzee Dhirajlal haikuwa ofisi tena. Maua ya njano yalikuwa yamening'inizwa mlangoni, taa ndogo za udongo zimepangwa kwenye madirisha, na familia yote imekuja na nguo zinazong'aa. Karishma, mkwe wa Mzee, alizunguka na sahani ya barfi, vile vitamu vya maziwa na sukari, akihakikisha kila mfanyakazi amekula kabla hajapewa nafasi ya kukataa. Kwenye meza vitabu vipya vyekundu vilikuwa vimefunguliwa ukurasa wa kwanza, na kandokando yake zile seva mbili, zimefutwa zikatakata. Mzee alichovya kidole kwenye unga mwekundu wa kuzipaka baraka.

"Kidogo tu, Mzee," Nasimiyu akasema haraka. "Feni zitavuta."

"Nataka nyingi. Mwaka mzima hii."

"Doa moja. Pale mbele, mbali na tundu."

"Mbili. Mashine mbili, doa mbili."

Wakakubaliana moja kwa kila mashine, yaani alichotaka kila mmoja, na Karishma akageuka kuficha kicheko.

Kisha Mzee, bila kumwambia mtu, akainama na kuchomoa yeye mwenyewe waya wa umeme wa mashine ya pili. Maduka yalikuwa wazi bado. Alikuwa amepanga hivyo. Watu wakaacha kutafuna. Kwenye skrini, Subukia ikazimika, ikawaka. Salgaa ikazimika.

Nasimiyu alijikuta ameshika barfi bila kuila, nayo inayeyuka.

Salgaa ikawaka. Ikakaa.

Mzee alipiga simu, akaifungulia sauti. Honi zilisikika, na mtu akiulizia bei ya raba ya breki akiambiwa asome ukutani.

"Jerop, huko mnaendeleaje?"

"Tuko sawa, Mzee. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Watu wako wangapi?"

"Tisa," Jerop akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na swali. "Na leo kuna wa kumi, dereva ametusaidia kuingiza oda yake mwenyewe. Mna shida gani nyinyi na hesabu?"

Ofisi nzima ikacheka, hata wale ambao hawakujua kwa nini. Mzee alirudisha waya mahali pake, akapangusa mikono, akaitazama mashine iliyobeba nyumba mbili na mgeni juu. Akafungua droo. Akaitoa ile karatasi ya Nairobi, akaiweka chini ya sahani ya barfi iliyokuwa ikichuruzika siagi, na akamwomba Nasimiyu ataje bei yake ya kutunza mashine kwa mwaka.

Nasimiyu akaitaja.

Mzee akashika kiuno. Akasema hiyo ni bei ya kununua Salgaa yenyewe, na barabara yake. Akataja nusu. Wafanyakazi wakasogeza viti. Hii ndiyo sinema waliyokuja kuiona. Nasimiyu akakumbuka ule ukuta wenye rangi nyeupe, na kwa muda mfupi sana akafikiria kusema bei ni hiyo, hatupatani.

Lakini hapa hapakuwa Salgaa. Alipandisha, akashuka, akalalamikia kodi ya Lanet, Mzee akalalamikia umri wake, Karishma akaleta chai mpya kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imepoa. Mwishowe wakapeana mkono, Mzee akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Nasimiyu akaondoka na bei aliyokuwa ameikusudia tangu Jumamosi, baada ya kuikadiria vizuri na kuongeza juu yake, kama ilivyo adabu, kikombe cha mgeni.